Maoni ya Jicho Kavu

9 Februari

Mdogo wangu Nukta,

Marahaba, kabla hujaniamkia. Vitabu vitatu ulivyotuma vimefika, kimoja kimekunjamana kama mtu alikikalia safari nzima. Shemeji yako anasema mimi na wewe ndio watu wawili waliobaki wanaoisumbua posta. Nimemjibu kwamba simu ni ya misiba na dharura. Mambo ya maana yanataka karatasi.

Haya, kaa vizuri usikie hukumu.

Cha kwanza, *Mpelelezi Hapigi Hodi*. Mpelelezi huyu amevuta sigara arobaini na moja. Nimezihesabu hapa dukani nikiwa nangoja mashine imalize kusaga lenzi. Muuaji nilimjua ukurasa wa kumi na tano, kwa kuwa ndiye mtu pekee aliyeelezwa kuwa mpole. Lakini nilikimaliza. Siku ile wateja walikuwa wamejaa na kila mmoja amenuna, nami nikapata pa kujificha.

Cha pili, *Harufu ya Nguo Mpya*. Mapenzi. Binti wa humo anazimia mara nne. Angekuja kwangu ningempima macho, maana mtu anayegongana na mwanamume yule yule kwenye ngazi zile zile mara tatu, tatizo lake si moyo. Ila ukurasa wa mia na kumi kuna barua ya mama kwa binti yake aliyeolewa mbali. Hiyo niliisoma mara mbili, nikavua miwani nikaipangusa, nikasingizia vumbi.

Sasa cha tatu, *Vitanda Kumi na Viwili*. Jamani, Nukta! Hadithi ya wodi ya wazazi. Vitanda ni kumi na viwili na wote waliolala humo wamelala fofofo, pamoja na msomaji. Jalada halina picha, mwandishi ameweka herufi mbili tu za jina. Mimi nakuapia ni mwanamume. Mtoto anazaliwa halii, watu roho mkononi, na mkunga anafanya nini? Anahesabu vifungo vya sare yake! Kimoja, viwili, vitatu, mpaka saba. Mwandishi huyu hajawahi kuona mtoto akizaliwa. Nadhani hata yeye mwenyewe hakuzaliwa, aliletwa na posta. Kama ana kingine mezani, wenye huruma wamfiche kalamu.

Nimecheka peke yangu mpaka mteja akaniuliza kama lenzi zake zina kasoro. Na wewe cheka. Najua huko uliko huna wa kucheka naye.

Dada yako wa tumbo moja


27 Februari

Shikamoo Dada,

Barua yako niliisomea kwenye ngazi za ofisi, nikashindwa kupanda. "Aliletwa na posta"! Niliirudia mpaka mlinzi akataka nimsomee na yeye. Nilimsomea. Alicheka akashika ukuta.

Dada, wewe una kipaji, na hukijui. Miaka kumi na tisa nasahihisha maneno ya watu gazetini, naweka mikato walipoisahau, na sijaona mtu anayeandika hivi. Nakuomba usipunguze makali. Nimekutumia vingine vinne. Ukimaliza kimoja tu, andika, usingoje vyote.

Huku mambo si mabaya. Nimehamishwa meza, sasa nakaa dirishani. Hata mhariri mkuu ananiita kwa jina siku hizi, zamani alikuwa ananiita "wewe wa prufu".

Magazeti nimeacha kukutumia kwa muda. Posta wanayachana njiani.

Msalimie shemeji.

Mdogo wako, Nukta


18 Aprili

Nukta,

Leo sikusalimu wala sipokei shikamoo.

Jana saa nne asubuhi aliingia mama mmoja mtu mzima dukani, mrefu, amenyooka, mkoba ameukumbatia kifuani. Alitaka miwani ya kusomea. Nikampima, nikampa fremu ya majaribio, nikamletea ile kadi ya maandishi yanayokwenda yakipungua. Akasema, "Mwanangu, kadi hii niliisoma kwa daktari mpaka nimeikariri. Nitakudanganya bure. Ngoja nisome cha kwangu."

Akafungua mkoba, akatoa kipande cha gazeti kilichokunjwa mara nne, kimechakaa kwenye mikunjo. Akaanza kusoma kwa sauti, polepole, kama mwanafunzi aliyesimamishwa darasani.

"Vitanda ni kumi na viwili na wote waliolala humo wamelala fofofo, pamoja na msomaji."

Nilidhani nimesikia vibaya. Akaendelea. Sigara hazikuwepo, kuzimia hakukuwepo, mlikuwa na hicho kitabu kimoja tu. Alipofika kwenye posta, wateja wawili waliokuwa wanangoja wakaangua kicheko. Naye akatabasamu kidogo, kwa adabu tu, ili wasijione wamekosea. Akamalizia: "Kama ana kingine mezani, wenye huruma wamfiche kalamu." Chini yake akasoma na jina: "Jicho Kavu."

Akasema, "Sasa naona vizuri. Hata herufi za mwisho kabisa nazipata."

Nikamuuliza, kwa sauti ambayo sikuijua, "Mama, hicho kipande cha nini?"

"Kitabu kinachosemwa hapo ni changu," akasema. "Nimekuwa mkunga miaka thelathini na mmoja. Nilipostaafu nikaandika. Sijui huyu Jicho Kavu nilimkosea nini."

"Sasa mbona unatembea nacho?"

"Nataka nikizoee. Bado sijakizoea."

Mwenzake mmoja pale kwenye benchi akamwambia asijali, watu wa magazeti hawana kazi. Yeye akajibu kwamba cha pili alikuwa ameshakipeleka kwa wachapaji, akakifuata akakichukua. Alisema hivyo huku anachagua kati ya fremu nyeusi na ya kahawia.

Nukta, nilipima umbali wa macho yake mara tatu. Atakuja kuchukua miwani baada ya siku kumi.

Nilikuandikia wewe. Peke yako. Ukanivua nguo barabarani, tena barabara yenyewe ikawa ni ya mama wa watu. Na hilo jina! Macho makavu ni ya mtu asiye na haya. Angalau ulijijua.

Nijibu. Usinichekeshe.

Dada


2 Mei

Dada,

Shikamoo. Sina haki ya kukuamkia lakini mkono umezoea.

Nitasema kama lilivyokuwa. Mwenye safu ya vitabu aliugua ghafla mwezi wa pili, na ukurasa ulikuwa unaondoka na pengo. Mhariri akatoka akiuliza, "Nani ana chochote?" Barua yako ilikuwa mfukoni. Nilinakili ile sehemu ya *Vitanda*, kwa kuwa ndiyo iliyochekesha zaidi. Nilijiambia ni mara moja. Asubuhi yake watu wanaisomeana kwenye korido. Mhariri akaniuliza, "Kumbe ulikuwa umelala na moto huu?" Ningesema ni wa dada yangu. Mdomo ulifunguka, na kilichotoka ni "Asante."

Baada ya hapo nikawa nangoja barua zako kama mgonjwa anavyongoja dawa. Maoni yako ya vile vinne vingine nayo nimeyatoa, yote. Jina walinipa wao, nami nikalipokea.

Dada, miaka kumi na tisa hakuna mtu aliyewahi kunisimamisha kwenye ngazi kuniambia nimefanya vizuri. Kosa langu likiwepo wanalitangaza, lisipokuwepo hawajui kama nipo. Sisemi hii ni sababu. Nasema ndivyo ilivyokuwa.

Lakini nami nikuulize, na usinikasirikie: maneno yale si ya kweli? Kitabu ni kibovu au si kibovu? Kama ni kibovu, mimi nimekosea kuiba, lakini yule mama hakuonewa.

Nukta


21 Mei

Dada,

Wiki tatu kimya. Nimepiga simu, shemeji amesema uko bafuni. Nimepiga tena, bado uko bafuni.

Nimemwambia mhariri. Niliingia na barua zako zote, nikaziweka mezani kwake. Alizisoma mbili, akacheka, hata wakati ule akacheka, kisha akasema wasomaji wanampenda Jicho Kavu na hawana haja ya kujua anakaa mji gani. Nikasema siandiki tena, na nataka gazeti lieleze. Amekubali mistari miwili. Imetoka jana, chini ya fumbo la maneno. Nimekuambatishia. Inasema maoni yaliyotoka katika safu hii hayakuwa ya aliyeyatia sahihi, na gazeti linasikitika. Ndiyo yote. Mkato mmoja umekosewa, na sikuugusa.

Nimerudi kwenye meza yangu ya zamani, karibu na mlango wa choo. Mlinzi amenisalimia kama kawaida. Wengine wananipita.

Niandikie hata matusi.

Nukta


30 Mei

Mdogo wangu,

Marahaba. Nimeipata mistari yako miwili. Ulifanya lililokuwa gumu, nami nimeliona. Sasa zamu yangu.

Yule mama alirudi siku ya kumi kama alivyoahidi. Nilikuwa nimejiapiza kumwambia. Nilikuwa nimepanga hadi pa kuanzia: "Mama, kaa kwanza." Alikaa bila kuambiwa. Nilimvisha miwani, nikaikaza nyuma ya masikio, uso wangu na wake umbali wa kiganja, akaniangalia kwa macho makubwa yaliyokuzwa na lenzi nilizosaga mwenyewe, akasema, "Una mikono mizuri. Ungefaa kazi yetu." Nikamwambia, "Asante mama." Nikamwongezea kitambaa cha kufutia. Basi. Ndicho nilichompa, kitambaa. Akashukuru, akaenda.

Nilijificha chumba cha nyuma nikajiuliza kwa nini sikuweza, wakati mwizi ni wewe. Nikajibu swali ambalo na wewe umeniuliza.

Umeniuliza kama kitabu ni kibovu. Sijui, Nukta. Sikukimaliza. Niliishia ukurasa wa tisini na nne kati ya mia mbili na arobaini. Nilikuwa nimechoka, mashine inapiga kelele, na nilipofika kwenye vifungo nikapata la kukuchekesha, nikafunga kitabu hapo hapo. Nilikwishapata nilichokitaka. Nilitaka ucheke. Tangu ulipoachana na mkeo barua zako zilikuwa kavu, mistari sita, "mimi mzima," basi. Nikagundua nikimpiga mwandishi unaandika kurasa mbili. Kila nilipompiga sana ndipo ulipoandika zaidi.

Sikuiambia nafsi yangu hivyo wakati ule. Nilijiita msomaji asiyeogopa kusema ukweli.

Juzi nimekichukua tena. Nimeanza ukurasa wa tisini na tano. Ukurasa wa tisini na saba, kurasa tatu tu mbele, mkunga anamweleza mwenzake. Ameshafanya kila kinachofanywa: ameshasafisha njia ya hewa, ameshasugua mgongo wa mtoto, na sasa kilichobaki ni kungoja. Mama wa mtoto anamwangalia usoni, na mkunga anajua uso wake utamwambia. Kwa hiyo anainamisha macho kwenye sare yake na kuhesabu vifungo, ili mama asisome chochote. Kwenye kifungo cha saba mtoto analia.

Kurasa tatu, Nukta.

Nimekaa na kitabu magotini mpaka shemeji yako akauliza kama nimepata habari mbaya. Nikamwambia ndiyo, nimepata habari zangu.

Usijitetee tena kwa ukweli wa maneno yangu. Hayakuwa na ukweli wa kumtosha hata mtu mmoja. Nitamwandikia. Anwani yake iko kwenye kadi ya wateja.

Dada


3 Juni

Kwa Mama Mkunga,

Shikamoo.

Mimi ni yule fundi wa miwani aliyekupima. Nakuandikia kwa sababu ulikaa mbele yangu mara mbili nikashindwa kufungua mdomo.

Maneno uliyoyasoma siku ile ni yangu. Niliyaandika katika barua kwa mdogo wangu anayefanya kazi gazetini, naye akayachapisha bila kuniambia. Hilo ni kosa lake, na amelikiri. Lakini kuyaandika niliandika mimi, na niliyaandika bila kumaliza kitabu chako. Niliishia ukurasa wa tisini na nne. Nilisema hujawahi kuona mtoto akizaliwa kwa sababu sikufungua kurasa tatu zaidi.

Sasa nimekimaliza. Siandiki hapa nilichokiona, maana ukikisifia kitabu cha mtu uliyemuumiza inakuwa kama unamnunua.

Siombi unisamehe kwa barua. Nilitaka tu ujue hukumkosea Jicho Kavu kitu chochote. Hakuna mtu huyo. Kuna mimi, na unajua duka lilipo.

Fundi wa miwani


15 Juni

Fundi,

Marahaba.

Nimesoma barua yako kwa miwani yako. Nilikasirika nikaivua, nikajikuta sioni pa kuiweka, nikaivaa tena.

Nilidhani aliyeandika yale ni mtu mkubwa anayejua vitabu. Miezi mitatu nimemheshimu. Nimempa haki. Nilikaa na hadithi yangu ya pili nikaisoma kwa macho yake, na kila mstari nikaona ni wa kuchekwa. Nikaichana, isipokuwa sura tatu zilizokuwa zimesahaulika ndani ya kabati. Kumbe nilikuwa namheshimu mtu aliyechoka akafunga kitabu.

Nina miaka sabini na mitatu. Sitaiandika tena. Nakwambia hilo ulijue. Sikwambii ulie.

Unasema hutaki kuandika ulichokiona. Vizuri, usiandike, umeshaandika vya kutosha. Njoo Jumamosi alasiri uniambie ana kwa ana. Kibaya na kizuri. Ukinidanganya nitajua, nimewaangalia watu usoni miaka mingi wakisema hawaumwi.

Mkunga mstaafu


9 Julai

Mdogo wangu Nukta,

Nimekwenda.

Anakaa chumba kimoja cha juu, dirisha kubwa, kitanda kimetandikwa kama cha hospitali, pembe zimekunjwa kiaskari. Alinikaribisha kiti, akakaa mbele yangu na kuweka mikono magotini. Hakunipa hata chai kwanza. "Anza," akasema.

Nikaanza na kibaya, kwa kuwa nilijua akisikia sifa kwanza ataniona mnafiki. Nikamwambia daktari wa kwenye kitabu anaongea kama tangazo la redio. Nikamwambia sura ya sita inarudia ya nne. Nilipokuwa nasema nilikuwa naangalia sakafu. Akaniambia, "Inua uso. Mimi nimevaa miwani ili nikuone." Nikainua. Nukta, hujawahi kusema ukweli mpaka uuseme hivyo. Ule mwingine wote niliokuwa nakuandikia ulikuwa mchezo wa mtu aliyejifungia chumbani.

Akasema, "Daktari ni kweli. Nilimwogopa hata nilipokuwa namwandika. Sura ya sita siikubali." Tukabishana juu ya sura ya sita. Alinishinda.

Kisha nikamwambia kuhusu vifungo. Niliongea vibaya, maneno yalinikauka, mimi huyu. Nikasema nilipofika kifungo cha saba nilibaki nimekaa na kitabu magotini bila kujua ni kwa muda gani. Akauliza, "Ulilia?" Nikasema hapana. Akasema, "Hukulia?" kama mtu aliyeibiwa. Nikasema, "Niliona aibu sana, mama, machozi hayakupata nafasi." Akacheka, kicheko kifupi cha puani, akaenda kuweka maji jikoni.

Hajanisamehe. Usidhani. Tulipokuwa tunakunywa chai alisema katikati ya mazungumzo mengine, "Ungejua vile vipande vilivyojaa ndoo," akaendelea kuongea habari ya jirani yake. Ndivyo anavyofanya. Nimeshakwenda Jumamosi tatu sasa, na kila mara kuna kitu kama hicho, na kila mara nakipokea nakaa nacho. Sioni kwa nini kiishe upesi.

Jumamosi iliyopita alitoa zile sura tatu zilizobaki. Akanisomea ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ilipokatika nikamuuliza, "Halafu?" Swali lilinitoka kabla sijajua kama nina haki ya kuliuliza. Akakunja karatasi, akavua miwani. Nilidhani ananifukuza. Akaanza kunisimulia kwa mdomo. Alisimulia kuanzia saa tisa mpaka mtaa ukaanza kuwasha taa, bila karatasi, anarudi nyuma anajisahihisha, "hapana, huyo alikuwa ameshakufa," anaendelea. Yote. Mpaka mwisho. Nilimwomba aniruhusu niandike anaposema, nikamwambia tunaweza kuirudisha. Akakataa. Akasema aliyeandika amekwisha, aliyebaki ni wa kusimulia, nami nikitaka nisikilize.

Sasa iko kwake na iko kwangu, hakuna pengine popote.

Ni hadithi nzuri kuliko zote nilizozisoma mwaka huu, na nina maoni juu yake, mengi, mengine makali. Najua utaniuliza. Najua unakaa karibu na mlango wa choo na huna wa kuongea naye, na roho inaniuma, wewe ni mdogo wangu na nitakuandikia kila wiki, habari za shemeji, za duka, za wateja wanaokalia miwani zao. Nitakuandikia kurasa mbili hata wewe ukiandika mistari sita.

Lakini hiyo hadithi usiniulize inahusu nini. Hiyo sikuandikii.

Dada yako